Ndama Mwenye Uso wa Mtu

Sogeeni mkekani, masikio yenu niyaone, maana hadithi inapita.

Alikuwapo mama mmoja, Nyamvula, mwenye binti mmoja, Mbeyu, na ng'ombe mmoja mweusi. Ng'ombe akazaa ndama mwenye uso wa mtu. Ndama akafumbua macho, akasema, "Kisima kitakauka," akafa papo hapo. Kisima kikakauka!

Mwaka wa pili ng'ombe akazaa tena, uso ule ule, macho yale yale. "Nzige watakuja." Akafa. Nzige wakaja, wakala hata makuti ya paa!

Majirani wakamjia juu Nyamvula. "Kinywa hicho ndicho kinacholeta balaa. Kizibe!"

Mwaka wa tatu ng'ombe akashikwa na uchungu. Desturi yao ni kumfuta ndama ute wa mdomoni kwa pindo la kanga, apate kupumua. Nyamvula akapiga magoti, kanga mkononi. Uso ule ule ukamtazama, na safari hii ulikuwa unalia.

"Nyamvula," ndama akasema, "mwanao Mbeyu..."

Nyamvula akamshindilia kanga kinywani, akaishikilia kwa mikono miwili mpaka pumzi ikakatika.

Jamani, ni mwaka wa ngapi huu? Mbeyu haendi mtoni, hasogei jikoni, hachezi na wenzake. Kila kukicha anauliza mlangoni, "Mama, nitatoka lini?"

Mama yuko zizini, amempigia magoti yule ng'ombe mweusi, anambembeleza azae tena.