Jiwe la Bi Mize

Mlango mzito ukiwekewa jiwe ni pazia. Mmeisikia, mmecheka, sasa mnauliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na mwenye simu aiweke chini. Chanzo chake ni ugomvi, basi tuanzie kwenye ugomvi.

"Ulijua, ukanyamaza!" Bi Mize alikuwa akimwambia Bwana Shemdoe, mpiga picha za eksirei, huku amemshika shati mbele ya watu wote waliokuwa ukumbini pale hospitali. "Miaka yote hii ulijua!"

"Nilisema, Bi Mize. Nilisema mpaka nikachoka. Ukaniambia mwanamume anayetaka mlango ufungwe ana lake jambo. Hukusema? Watu si hawa hapa?"

Watu walikuwapo, na wote walitazama sakafu.

Bi Mize alikuwa mhudumu wa chumba cha picha tangu kilipojengwa, katika mji mmoja wa pwani uliozungukwa na mashamba ya mkonge. Aliyaona mabati ya risasi yalipoletwa, yamekunjwa kama mikeka. Risasi ni yale madini mazito ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu zao. Ni laini, ukucha tu unaiachia alama, lakini miale ya eksirei haiipenyi kirahisi. Mafundi waliyatandaza mabati hayo kuta zote, wakayafunika kwa mbao na rangi. Jingine wakalitia ndani ya mlango. Mlango ukawa wa kusukumwa kwa bega.

Uzito haukuwa shida. Shida ilikuwa kuona haya. Siku za mwanzo aliletwa bi harusi aliyeanguka akaumia nyonga. Bwana Shemdoe akafunga mlango ampige picha. Mama mkwe wa yule bi harusi akaupiga mlango kwa viganja: "Mmemfungia mke wa mtu na mwanamume! Nikamwambie nini mwanangu?" Ukumbi mzima ukachafuka.

Bi Mize hakuwa mtu wa kungoja vikao. Alikwenda uani, akaokota jiwe la matumbawe, akalikaza chini ya mlango, ukabaki upenyo wa kiganja.

"Haya. Ndani kuna picha, nje kuna macho. Kuna neno?"

Neno lilikuwa la Bwana Shemdoe peke yake. Alisema risasi iliyo wazi haizuii kitu, miale itatoka na kuwadhuru walio nje. Kama ni kuona haya, basi aingie mwanamke mmoja na mgonjwa, asimame na yeye Shemdoe nyuma ya kizuizi cha risasi kilichomo chumbani. Bi Mize akacheka. "Mlango unaowashinda wanaume wawili, utashindwa na upenyo wa kiganja?" Watu wakamwombea dua. Bwana Shemdoe akaendelea kupiga picha zake nyuma ya kizuizi, yeye salama, na baada ya muda akaacha kusema.

Upenyo ule ulielekea meza ya karani. Karani alikuwa Hidaya, mtoto wa pekee wa Bi Mize. Mama ndiye aliyemwombea kazi ile, na ndiye aliyemchagulia mahali pale, maana palikuwa na upepo.

Miaka ikaenda. Sasa Hidaya alikuwa amerudi kutoka hospitali kubwa na jina la ugonjwa wa damu. Huko Bi Mize alimuuliza daktari swali moja tu: ni ule mlango?

"Mama," daktari alisema, "siwezi kukuambia ni mlango. Wala siwezi kukuambia si mlango."

Angesema ndiyo, Bi Mize angelia. Angesema siyo, angeshukuru. Alirudi nyumbani na lile la katikati, nalo halina kilio wala shukrani. Ndiyo maana alimkwida Bwana Shemdoe. Alitaka mtu wa kulaumu ambaye si yeye.

"Mwachie, mama," Hidaya akasema. Alikuwa kwenye kiti chake kilekile. Amekuja kuchukua vitu vyake. "Alisema. Hata mimi nilimsikia. Na mimi niliupenda mlango ule wazi, nilikuwa nawaona wagonjwa wangu."

Bi Mize akaliachia shati.

Chumbani alikuwamo mke wa kijana mmoja wa kwenye mkonge, amesimama akingoja ugomvi wa watu uishe apigwe picha ya kifua. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni.

"Mmalizane basi," mama huyo akasema. "Ila upenyo uachwe kama desturi. Mlango wenyewe mzito hivi, utazuia tu."

"Desturi hiyo niliianzisha mimi," Bi Mize akamjibu. "Mlango mzito ukiwekewa jiwe ni pazia, dada yangu. Muulize mwanangu."

"Sasa mkwe wangu afungiwe na..."

"Ingia naye. Simama nyuma ya kizuizi pamoja na Bwana Shemdoe, umtolee macho mpaka uchoke. Ndivyo tulivyoambiwa tangu mwanzo."

"Itasaidia nini sasa, mama?" Hidaya aliuliza polepole. Hakuwa akimsuta. Alikuwa akiuliza.

"Wewe? Haikusaidii kitu," Bi Mize akasema. "Ondoka hapo kwenye kiti."

Hidaya akaondoka. Bi Mize akainama, akalichomoa jiwe. Lilikuwa limeng'aa upande mmoja kwa kusuguliwa na miguu ya wapitao. Akawatanguliza yule mama na Bwana Shemdoe ndani, akaegemeza bega, akasukuma. Ule mstari wa mwanga uliokuwa ukilala juu ya meza ya Hidaya ukasinyaa, ukakatika. Kitasa kikalia.

Bi Mize akabaki nje, jiwe mikononi, hana pa kuliweka.

Mlango mzito ukiwekewa jiwe ni pazia.