Faini ya Mama Kanga

Hapo zamani za kale, na msiniulize lini, wanangu, maana leo nimechoka, wanyama walikuwa na baraza lao, na mwenyekiti alikuwa Mzee Fisi. Desturi yao ilikuwa hii: faini ikitozwa, wazee huila papo hapo kabla ya kutawanyika.

Siku hiyo Pimbi, mjumbe mdogo kuliko wote, alijikokota hadi barazani. Wiki nzima ilikuwa kesi juu ya kesi, na miguu ilimuuma.

"Mama Kanga amenipita bila shikamoo!" Fisi akanguruma. "Haki itendeke! Alete mayai yake yote!"

"Yote!" akaitikia Ngiri, mzee mwenzake wa baraza.

"Jamani, nilikuwa nakimbilia kiota, mayai yasipoe!" Kanga akalia. "Watoto wangu wamekaribia kuanguliwa. Nihurumie, baba!"

"Usidhani nakuonea, mwanangu. Moyo unaniuma kwa ajili ya haki."

Na aliamini anachosema, machozi yakimlengalenga. Mate nayo yalimdondoka, to! to! to!, lakini hayo hakuyaona.

Pimbi aliyaona. Akapiga mwayo. Laiti angekuwa na nguvu za kubishana!

"Mzee wangu, kosa ni kubwa mno," akasema. "Yaletwe yote, myale hapa hapa. Mvumilie harufu tu, maana nasikia ni viza."

"Viza?"

"Viza, mzee! Hata mla mizoga hayagusi. Ukigonga moja, pwaa! Baraza zima linahama."

Ngiri akakuna sikio.

"Hivi," Fisi akasema polepole, "shikamoo si neno tu? Mama wa watu alikuwa na haraka. Nenda, mwanangu, nimekusamehe. Sijui kwa nini leo moyo wangu umekuwa laini hivi."

"Ni wema wako, mzee," Pimbi akajibu. Hata kucheka hakuweza.

Njiani Kanga akamwambia, "Ahsante, dada! Mayai yangu mazima umeyaokoa. Wewe ndiye mpenda haki wa kweli!"

Pimbi alitaka kukubali, lakini akakumbuka jambo. Chui akinyemelea mawe wanamoishi pimbi, Kanga ndiye anayepiga kelele, ke-ke-ke!, na Pimbi huwahi kujificha. Kanga akihama kwa uchungu, nani atamwonya Pimbi?

"Usinishukuru sana, mama," akasema kwa unyonge. "Sijui kama nimekuokoa wewe au nimeokoa ngozi yangu. Kaatamie."

Basi wanangu, hadithi imefika kituoni: anayelilia haki ajiulize kwanza ni nini ndani yake kinacholia.