Mapanga Mawili ya Festo Luvanda

Akamataye upepo na ajue kuuachia. Asubuhi mmemsikia mwenyekiti akimwambia hivyo kijana anayetaka kufunga injini ya lori kwenye mashine yake ya kusaga, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Itowanga, na yalianza hivi.

Zamani maji yalikuwa bondeni, na wanawake waliyapandisha kwa kichwa. Juu ya kilima palikuwa na mashine ya upepo yenye mapanga kumi na manane ya bati. Ilijizungukia taratibu, na kwa siku nzima ilivuta maji ya kujaza mapipa mawili tu. Festo Luvanda, fundi wa kuchomelea vyuma, kila akiitazama roho ilimuuma.

"Upepo wote huu," alimwambia rafiki yake Yeremia Mgaya, seremala, "unatupita hivi hivi."

Aliwaza miezi mingi. Akatambua kwamba mapanga mengi mapana yanazibiana njia. Akamwomba Yeremia achonge mawili tu, marefu, membamba, mepesi, yaliyopinda kidogo kama bawa la mwewe. Watu walicheka. Mawili yatashindaje kumi na manane? Lakini siku yalipopandishwa mnarani, yalikwenda mbio hata jicho likashindwa kuyahesabu. Dinamo ya umeme aliyoifunga nyuma yake ikavuma, pampu ikasukuma, na tangi la kijiji likajaa kabla ya adhuhuri. Wako vikongwe waliolia.

Aliyeuliza alikuwa Felista, mke wa Yeremia.

"Shemeji, upepo wa Agosti ukija, utaisimamishaje?"

"Niisimamishe kwa nini, shemeji? Upepo wa Agosti ndio tunaoungoja."

Yeremia naye alishauri wafunge mkia wenye bawaba, ili upepo ukizidi uigeuze mashine ubavu, ipunguze mbio. Festo alikataa. Upepo utakaoachwa, alisema, ni maji yaliyomwagwa.

Agosti ikafika. Mchana mmoja mashine ilianza kulia kwa sauti ambayo Festo hakuwahi kuisikia. Mnara ulitikisika, na chini yake lilikuwapo darasa lenye watoto. Yeremia akashika kamba, akapanda ili ayafunge mapanga.

"Shuka, Yeremia! Shuka!"

"Watoe watoto kwanza!"

Festo alikimbilia darasani. Mtoto wa mwisho alikuwa mlangoni panga moja lilipokatika. Watoto wote walipona. Yeremia hakupona.

Baada ya matanga Festo alifunga karakana. Kila alfajiri alishuka bondeni, akapandisha madumu mawili ya maji, akayaweka mlangoni kwa Felista na kuondoka bila kubisha hodi. Alifanya hivyo miezi mitatu. Kila alipolitafuta neno la kumwambia Felista, alilisikia lile moja tu alilolisema mwenyewe, kwamba upepo wa Agosti ndio wanaoungoja.

Siku moja akamkuta Felista amesimama mlangoni.

"Utanibebea maji mpaka lini?"

"Mpaka nife, shemeji."

"Na wenzangu je? Nani anawabebea? Wamerudi bondeni wote. Mume wangu hakuuawa na mbio za mashine. Mbio zile alizichonga mwenyewe, na alizipenda. Aliuawa kwa kuwa hukuipa mahali pa kupumzikia. Akamataye upepo na ajue kuuachia. Ndani kuna mapanga mengine mawili, hakuyamaliza. Yachukue."

Festo alipiga magoti pale kwenye madumu, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Akarudi kazini. Mapanga yalibaki mawili, na mbio zile zile, ila nyuma yake aliunda mkia wa bati wenye bawaba. Agosti ya pili kijiji kizima kilisimama mbali kikitazama. Upepo ulipochacha, mkia ulijikunja, mashine ikageuka ubavu kama mtu anayekwepa ngumi, mbio zikapungua. Ulipotulia, ikaurudia. Jioni ile tangi lilikuwa limepungua shubiri moja kufika ukingoni, na hakuna aliyeisikitikia shubiri hiyo.

Festo alizeeka akisifiwa kwa werevu wake. Kila aliposifiwa alijibu kwamba nusu ya werevu ule ilikuwa ya Yeremia, na nusu ya pili alifundishwa na mjane wake, tena kwa kuchelewa.

Kwa hiyo, wanangu, hapa Itowanga hatumkatazi mtu mbio. Mwenyekiti hakumkataza yule kijana injini yake. Alimwambia tu tunachoambiana sote: akamataye upepo na ajue kuuachia.