Pampu Nzima Isiyotoa Maji

Soma hii, kisha mtumie mwalimu uliyempenda na yule uliyekuwa ukimkimbia.

Chuo kimoja cha uhandisi kilikuwa na walimu wawili wa mitambo. Mwalimu Lukindo alisimama mbele akahutubia, wanafunzi wakaandika. Mwalimu Masatu hakuhutubia kabisa. Alimwaga mashine mbovu mezani, akasema, "Haya, shughulikeni," akaenda zake kunywa chai.

Kila mmoja alimwita mwenzake tapeli.

Kiangazi kimoja pampu ya kisima cha chuo iligoma, na zahanati ya jirani ikakosa maji. Mkuu wa chuo, Mama Mfinanga, akawaita wote wawili.

"Darasa litakaloleta maji, mwalimu wake atabaki. Mwingine afungashe."

Wanafunzi wa Masatu waliirukia pampu kama pilau ya harusi. Wakaifungua, wakaisafisha, wakabadili vipuri, wakaifunga. Ikanguruma vizuri. Maji hakuna. Wakaifungua tena.

Wanafunzi wa Lukindo waliketi kivulini, kalamu mkononi, kimya kama wageni rasmi.

Jioni, Mwajabu wa darasa la Masatu, grisi mpaka viwikoni, akawageukia.

"Jamani wasomi, pampu nzima inakataaje kuvuta maji?"

Darasa zima likasimama, likajibu kwa sauti moja: "Maji yakiwa chini ya pampu kwa zaidi ya mita kumi, haiyavuti hata ukiipigia magoti!"

Kisha wote wakakohoa, maana Mwalimu Lukindo alipofika hapo darasani alikohoa.

Mwajabu akadondosha spana. Wakapima kisima: kiangazi kilikuwa kimeyapeleka maji chini kabisa. Kesho yake wakajenga jukwaa ndani ya kisima, wakaishusha pampu, na maji yakapanda.

"Mlijua tangu mwanzo?" Mama Mfinanga akawauliza wa Lukindo.

"Ndiyo, Mama."

"Mbona mlinyamaza?"

"Hatukuulizwa."

Mama akawageukia walimu. "Nilikuja kumfukuza mmoja. Sasa natamani kuwafukuza wawili."

Kisha akatoa hukumu:

"Mtafundisha darasa moja. Masatu, utatoa tatizo, na chai utainywa humo humo. Lukindo, utakaa nyuma, na hufungui mdomo mpaka mwanafunzi akuulize."

Masatu alizoea upesi. Lukindo, siku ya kwanza, alilowa jasho kama aliyebeba pampu yenyewe.

Funzo: Mpe mwanafunzi tatizo kwanza ili alitamani somo, lakini somo liwepo, la sivyo atafungua na kufunga pampu mpaka uzeeni.