Fisi wa Jiwe Dogo

Mwaka huo mawingu yalipita juu ya mbuga kama wageni waliokwisha kula kwingine. Mito ikakauka, madimbwi yakawa vumbi, na ardhi ikapasuka kama visigino vya mpagazi. Kikabaki kisima kimoja, na kisima kimoja kwa wanyama wengi si kisima, ni ugomvi.

Simba, ambaye hakuwahi kukosea kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia, alipanda juu ya mwamba akatoa amri.

"Nimechoka kuwaona mkiumana ovyo," alisema. "Kuanzia leo mtapigana kwa utaratibu. Ngumi, ulingo na refa! Na kwa kuwa mimi ni mfalme wa haki, mdogo hatapigana na mkubwa."

Gogo likalazwa juu ya panda ya mti, likawa mizani: upande huu jiwe, upande ule bondia. Mawe yalikuwa matatu. Jiwe dogo lilikuwa la akina Nyegere na Mbweha, jiwe la kati la akina Fisi na Ngiri, jiwe kuu la akina Nyati. Bondia asiyelizidi jiwe kwa uzito ni wa jiwe hilo. Kila jiwe lilipewa zamu yake kisimani, na bingwa wa jiwe ndiye mwenye zamu: yeye huamua nani anywe naye na nani alambe vumbi.

Kupimwa kulikuwa asubuhi, kupigana kulikuwa jua likiinama. Katikati hapo Simba alilala. Hiyo ndiyo sababu ya kanuni, wala isitafutwe nyingine.

Fisi alipochungulia kwenye jiwe la kati alimwona Ngiri ananoa meno kwenye kichuguu. Fisi anapenda kuuma, kuumwa hapendi. Akamnong'oneza Ngiri maneno mawili, akarudi nyumbani mbio.

"Mama watoto, nashuka uzito."

"Unashuka unakwenda wapi?"

"Kwa wadogo. Nawatandika wale, nachukua zamu yao. Na Ngiri nimekwisha kupatana naye: nikimpisha jiwe la kati, atanipa nafasi ya kunywa nyuma yake. Nitakunywa mara mbili, mama watoto! Asubuhi na mchana!"

Bibi Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Mungu alikunyima mgongo ulionyooka, mume wangu, akakulipa kichwani."

Fisi akaanza kazi. Aliacha kula, na majirani wakaja kumpa pole wakidhani amefiwa. Alikimbia jua la utosini akiwa amejifunika ngozi ya nyati. Alilala juu ya majivu ya moto. Alitafuna ukwaju mbichi ili ateme mate, akatema mpaka mate yakamwisha. Akanywa majani ya kuharisha. Mwisho akanyoa hata manyoya ya kichwani na shingoni, maana tamaa haidharau unyoya.

Siku ya kupimwa alipanda gogo akiwa mifupa na macho. Akatoa pumzi yote, akafumba mdomo. Gogo likatikisika, likalala sawasawa na jiwe dogo.

"Fisi ni mdogo!" alitangaza Simba, akaenda kulala.

Fisi naye akaenda, lakini si kulala. Nyuma ya kichuguu mkewe alikuwa amemfichia paja la nyumbu na mabuyu ya maji waliyoyachota kabla kisima hakijafungwa kungoja mabingwa. Akala, akanywa, akalala chali, akaamka akala tena. Jua lilipoinama aliingia ulingoni kifua mbele, tumbo mbele zaidi, na Mbweha akaanza kurudi nyuma kabla kengele haijagongwa.

Pambano halikufika raundi ya pili. Mbweha alibebwa kwa miguu yote minne.

"Asubuhi nilipimwa na mmoja," alilia Mbweha huku akishika mbavu, "jioni nimepigwa na mwingine!"

Wengine wakamcheka. Aliyepigwa ana maneno mengi, walisema. Hivyo ndivyo walivyo watazamaji: wanalipenda konde, hawaulizi limetoka wapi.

Mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Nyegere, bondia wa mwisho wa jiwe dogo aliyebaki. Nyegere hana maneno. Asubuhi ana uzito ule ule wa jioni, na akisema atakuuma, atakuuma. Lakini shimoni kwake mkewe alikuwa ananyonyesha, na maziwa yalikuwa yamekauka. Mtoto alinyonya hewa, akalia bila machozi. Baba yake akishindwa, zamu ya wadogo inamezwa na Fisi, na mtoto huyo mvua haioni.

Nyegere akamwendea Sungura. Sungura ni wa jiwe dogo pia, ila ngumi amewaachia wenye pua za kuvunjwa.

"Sungura, ndugu yangu, Fisi nitapigana naye. Simwogopi. Lakini naona nitapigana na Fisi na nusu."

"Fisi wawili kasoro mkia," alijibu Sungura. "Nimeyaona mabuyu. Ngoja nikaseme na mkubwa."

Akamkuta Simba anajinyoosha.

"Mfalme, kwa nini bondia asipimwe hapo hapo anapoingia ulingoni?"

Simba akafungua jicho moja. "Kanuni nani aliitunga?"

"Wewe, Mfalme."

"Basi imekwisha kuwa nzuri. Au unataka kuniambia mizani yangu ina kasoro?"

"Mimi? Hasha! Mizani yako inaona kuliko tai." Sungura akainama mpaka masikio yakagusa chini, akaondoka kinyumenyume. Ukweli haukuingia kwa mlango wa mbele, akasema moyoni, tutaupitisha uani.

Siku ya pambano la mwisho mbuga nzima ilikusanyika. Nyegere alipanda gogo, akashuka. Fisi alipanda akiwa amekauka kuliko mara ya kwanza, ulimi umemganda kwenye kaakaa. Gogo likalala sawa. Simba akapiga miayo, Fisi akaanza kunyata kuelekea kichuguu.

"Mfalme!" alipaza sauti Sungura. "Leo tunafunga mapambano, na aliyeyaanzisha hajaimbiwa hata kidogo! Aibu hii tutaiweka wapi?"

Simba akaufunga mdomo uliokuwa unapiga miayo. Usingizi ni mtamu, lakini sifa ni tamu zaidi. Akaketi, akatandaza manyoya yake. Na desturi ya mbuga iko wazi: Simba akisifiwa hakuna anayeinuka, anayeinuka amemtukana.

"Naanza na ukucha," alisema Sungura. "Ukucha wa kwanza wa mguu wa kulia wa Mfalme! Mkali kuliko mwiba, mzuri kuliko mwezi!"

"Mzuri!" wakaitikia wanyama.

"Ukucha wa pili wa mguu huo huo..."

Fisi akainua kichwa. "Mfalme, samahani, nina shughuli ndogo nyumbani."

"Shughuli gani inayolizidi jina langu?"

"Hakuna, Mfalme."

"Basi keti. Na uitikie kwa sauti."

Sungura alimaliza kucha, akaingia kwenye masharubu, unywele baada ya unywele. Akaja Nyati kusifu mngurumo, akaja Pundamilia kusifu kivuli. Twiga, mwenye shingo ndefu, akawa na shairi refu. Jua likapanda, likakaa juu ya kichwa cha Fisi kilichonyolewa kama chungu juu ya mafiga. Kwa mbali alimwona mkewe kwenye kichuguu akimpungia mkono: njoo! Akatikisa kichwa: siwezi. Bibi Fisi akasubiri, akalitazama paja. Nyama ikikaa juani inaharibika, akajiambia, heri nionje kidogo. Naye alikuwa fisi.

"Sifa zimenitosha," alisema Simba mwishowe, ingawa hazikumtosha. "Jua limeinama. Mbuni, gonga kengele!"

Mbuni, aliyekuwa refa kwa sababu ya urefu wa shingo, akagonga.

Fisi akasimama. Miguu ya nyuma ikasimama baadaye. Alirusha konde, likamzungusha mwenyewe. Alirusha la pili, msuli wa paja ukamkaza akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja.

"Cheza ngoma, bwana mkubwa!" alipiga kelele Mbweha kutoka kitandani alikofungwa mbavu. "Leo umekuja peke yako?"

Nyegere hakucheza ngoma. Alikwenda moja kwa moja, akapiga konde moja la tumbo, na tumbo likalia kama debe tupu. Fisi akaanguka chali. Mbuni akahesabu mpaka kumi bila haraka.

"Maji!" alikoroma Fisi. "Jamani, maji yangu! Nyuma ya kichuguu!"

Vichwa vyote vikageukia kichuguu.

"Maji gani?" aliuliza Simba. "Wakati wengine wanalamba umande?"

"Mfalme," alisema Sungura kwa upole, "mgonjwa hahojiwi akiwa na kiu. Mnywesheni kwanza. Kisha, kwa kuwa mizani yako haidanganyi, mrudisheni kwenye gogo."

Yakaletwa mabuyu na nyama iliyonusurika meno ya Bibi Fisi. Fisi, hata mbele ya hukumu, hakuweza kujizuia. Alikunywa mpaka buyu likalia, akatafuna, akaomba na mfupa. Wakampandisha. Gogo likaanguka upande wake kwa kishindo, jiwe dogo likaruka juu, likatua juu ya mkia wa Simba.

Mbuga nzima ilitaka kucheka. Hakuna aliyethubutu, isipokuwa Sungura, ambaye alikohoa kwa muda mrefu.

"Umeidhihaki mizani yangu!" alinguruma Simba akiushika mkia. "Zamu ya jiwe dogo ni ya Nyegere. Kuanzia leo bondia atapimwa akiwa anaingia ulingoni. Kanuni hiyo nimeitunga mimi, sasa hivi!"

"Umeitunga vizuri, Mfalme," alisema Sungura.

Fisi akajikokota mpaka kwa Ngiri, bingwa wa jiwe la kati. "Ndugu yangu, ile nafasi yangu nyuma yako..."

"Nafasi gani?" Ngiri akampima kwa macho kutoka kichwani mpaka mkiani. "Mimi nakunywa na watu wa jiwe la kati. Wewe, Mfalme alikutangaza mdogo, mbuga nzima ikasikia. Nenda kwa wadogo wenzako."

Akaenda. Kisimani Nyegere alikuwa amewaita wote wa jiwe dogo: mkewe alikunywa wa kwanza, mtoto kifuani, wakafuata digidigi, nguchiro, hata panya. Fisi akasimama mwisho wa mstari, shingo uchi, akitazama maji yanavyopungua.

"Sogea nyuma kidogo, mdogo wangu," Mbweha aliyekuwa mbele yake alimwambia. "Unanikanyaga."

Ilipofika zamu yake, yalikuwa yamebaki matope, nayo panya alikuwa ameyapitia. Mtaka yote hukosa yote.