Umri wa Fundi Cherehani

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakukosea. Anayeificha shida yake kwa kuona haya hukosa msaada ambao pengine umeshafika mlangoni pake.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mjane, hodari wa kushona magauni, mwenye umri wa miaka hamsini na sita. Mwaka uliotangulia pia alikuwa na hamsini na sita, na ule wa kabla yake vilevile. Nywele alizitia rangi kila mwezi, na kitambulisho alikificha ndani ya kopo la vifungo.

Siku moja manispaa ikamletea notisi ya kodi ya jengo kwa nyumba yake. Wateja walikuwa wamepungua, na maji yakamfika shingoni. Akaamua kuuza cherehani iliyowasomesha wanawe. Mnunuzi angekuja kesho yake saa tano. Kutwa nzima aliipangusa huku machozi yakimlengalenga.

Jioni binti yake alikuja kumjulia hali, akaigeuza ile notisi.

"Mama, huku nyuma umesoma? Mwenye nyumba aliyefikisha miaka sitini, akiwa anaishi humohumo, anasamehewa kodi. Unajaza fomu na kuonyesha kitambulisho, basi."

"Hayo ni ya wazee," fundi alijibu, akitunga uzi kwenye sindano. Alilikosa tundu mara tatu.

"Mama, mimi nina arobaini na tano. Ulinizaa ukiwa na kumi na mmoja?"

Fundi alishikwa pabaya. "Mwanangu, shoga yangu muoka mikate ana hamsini kamili. Kila asubuhi ananiamkia, 'Shikamoo, dada.' Akiujua umri wangu, si ataanza kuniita bibi?"

Asubuhi aliitazama cherehani yake, na uchungu wa kuiuza ukaishinda haya yake. Akakitoa kitambulisho koponi, akajitanda mtandio hadi kwenye nyusi, akaenda manispaa.

"Umri, mama?" karani aliuliza.

Fundi akanong'ona.

"Sijasikia."

"Sitini na saba!"

Ukumbi mzima ulisikia. Nyuma yake mtu akapaliwa kwa kicheko. Fundi aligeuka, akamwona muoka mikate, amevaa miwani nyeusi, ameshika fomu kama yake. Akainyakua na kuisoma.

"Sabini na mmoja! Wewe! Miaka yote hii unaniamkia!"

"Ningefanyaje, mwenzangu? Uongo nao una gharama zake."

Walicheka hadi wakashikana mabega, na karani naye akagonga mihuri miwili huku akijifuta machozi. Fundi alimpigia simu mnunuzi papo hapo: cherehani haiuzwi. Kisha akamgeukia shoga yake, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umechelewa sana."

Fundi alirudi kwenye cherehani yake akiwa na miaka kumi na mmoja zaidi na furaha tele. Kweli, mficha uchi hazai.