Blanketi la Mama na Wali wa Atupele

Blanketi halina moto wake. Timu ikishona jezi mpya na bado ikafungwa, hamkosi kumsikia mtu mzima akisema hivyo. Sasa mnauliza maneno hayo yalitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, huku huku Tukuyu kwenye baridi, ambako hakuna wa kufundishwa thamani ya blanketi.

Mwalimu Mwaisumo aliwapa darasa la sita kazi: kila kundi litengeneze kapu la kuhifadhi joto. Sufuria ya mchele ichemshwe, itolewe motoni, ifungiwe kapuni, na wali uivie humo bila kuni. Washindi wangekwenda kwenye maonesho ya sayansi wilayani. Atupele, kiongozi wa kundi mojawapo, aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote, na alikwisha kuwatangazia wenzake kwamba ushindi ni wao.

Makundi mengine yalijaza makapu magunia na majani makavu ya migomba. Yeye alimbembeleza mama yake mpaka akapewa blanketi la sufu, zito, ambalo nyumba nzima waligombania kujifunika.

Siku ya kazi aliigusa sufuria, akaona ina uvuguvugu, akaiepua.

"Atu, haijatokota," alisema Ambakisye wa kundi lake.

"Blanketi litamalizia. Wewe hujalilalia, hulijui."

Wenzao wa majani ya migomba walingoja mpaka mfuniko ukaanza kucheza. Atupele akawacheka kwa kumaliza kuni bure.

Mchana makapu yakafunguliwa. La majani ya migomba lilitoa mvuke, na wali umeiva vizuri. Kwa Atupele, maji yalikuwa yamesimama juu ya mchele. Mwalimu alionja, akageuka pembeni akatema. Darasa likaangua kicheko, na Atupele aliona aibu hadi machozi yakamtoka.

Jioni alimrudishia mama yake blanketi.

"Mama, limeniangusha. Si kila siku tunasema lina joto?"

Mama akalikung'uta, akaanza kulikunja. "Ukijifunika umelowa mvua, si unatetemeka humo humo? Joto unalolisikia ni la mwili wako. Lenyewe linalizuia tu lisitoroke. Wewe ulilikabidhi nini likutunzie?"

Atupele akajibu, "Maji ya vuguvugu."

"Basi limekutunzia vuguvugu lako. Blanketi halina moto wake, mwanangu."